Je, Wajua? Kwenda Shume: Ukate Tiketi Mwenyewe au Umtafute Wakala?

Je, wajua kwamba Bagamoyo ilikuwa na wakala wa safari kabla nchi hii haijawa na reli? Aliitwa Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara mwenye asili ya Kihindi. Mgeni aliyetaka kwenda bara katika miaka ya 1880 alibisha hodi kwake kwanza, naye akamtafutia wapagazi, vitambaa, shanga na chakula cha njiani. Henry Morton Stanley alikuwa mmoja wa wateja wake. Sewa Haji alifariki mwaka 1897. Hospitali aliyoitolea fedha Dar es Salaam ndiyo asili ya Muhimbili ya leo, na wagonjwa wanalazwa katika Wodi ya Sewahaji mpaka sasa.

Je, wajua kwamba hata kuingia Usambara kulihitaji mtu wa kukupitisha? Mmisionari Ludwig Krapf alifika Vugha mwaka 1848, na wapelelezi Burton na Speke wakafika Februari 1857, wote wakienda kwa Kimweri ye Nyumbai, Simba Mwene, yaani mfalme, wa Washambaa. Bila idhini yake hupandi mlima. Mwaka 1888 Hans Meyer na Oscar Baumann walizunguka milima hii, lakini vita vya Abushiri vikazuka pwani wakiwa bado huku. Walikamatwa njiani wakirudi, wakaachiwa baada ya fidia kulipwa. Meyer ndiye aliyefika kilele cha Kilimanjaro mwaka uliofuata, tarehe 6 Oktoba.

Na tukiwa hapo Kilimanjaro, je, wajua kwamba tangu mwaka 1991 huruhusiwi kuupanda mlima huo bila mwongozaji aliyesajiliwa? Huko swali letu halina nafasi. Utaipanga safari peke yako mpaka langoni, basi. Usambara ni tofauti: barabara na vijiji viko wazi, na ndiyo maana swali la wakala au kujipangia lina uzito zaidi Lushoto kuliko Moshi.

Je, wajua kwamba Shume, huku Usambara, iliwahi kuwa na usafiri wake wa angani? Wajerumani waliiita Neu-Hornow, na Lushoto wakaiita Wilhelmstal. Reli ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902, Mombo miaka michache baadaye, na Moshi mwaka 1911. Kampuni ya Wilkins na Wiese ilikuwa ikikata mierezi ya Shume, nayo ikataka magogo yafike relini. Basi kampuni ya Bleichert ya Leipzig ikajenga njia ya waya ya takriban kilomita 9 kutoka Shume kushuka hadi stesheni ya Mkumbara. Mbao zilielea juu ya mabonde ambayo mtu kwa miguu alihangaika nayo kutwa nzima. Waya ule haupo tena. Msafiri wa leo anazunguka kwa Mombo, Soni na Lushoto.

Je, wajua kwamba ukiandika neno Usambara kwenye simu na kulipia chumba bila kutazama ramani, unaweza kujikuta upande usio wako? Usambara ni mbili, ya Mashariki na ya Magharibi, na katikati yake limelala bonde la Lwengera. Amani iko Mashariki, wilaya ya Muheza. Lushoto, Magamba, Shume na Mtae ziko Magharibi. Kwenye kioo cha simu zote zinaonekana jirani. Kwa barabara, kutoka upande mmoja kwenda mwingine ni kushuka mpaka tambarare, kuzunguka kwa Korogwe na kupanda upya. Wakala aliyewahi kufika huku hawezi kukosea hapo. Tovuti itapokea malipo yako bila kukuuliza lolote.

Tiketi za kawaida hazina ugomvi. Basi la Dar es Salaam hadi Lushoto kata mwenyewe, na hata la Arusha linalokushusha Mombo. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, imekuwa ikiyasukuma makampuni ya mabasi yauze tiketi kwa mtandao, na nauli elekezi zinatangazwa hadharani. Mpiga debe wa Kituo cha Magufuli pale Mbezi hakuongezei chochote ila bei. Ukiwa na tiketi yako kwenye simu, yenye namba ya kiti na jina lako, unampita. Treni ya mwendokasi ya Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, nayo inauza tiketi mtandaoni, na ndege za ndani vilevile. Kumlipa mtu akubofyee vitufe unavyoweza kubofya mwenyewe ni kupoteza fedha.

Je, wajua kwa nini ofisi ya tiketi za ndege mjini inakutoza ada ya huduma ambayo wazazi wetu hawakuijua? Zamani wakala alilipwa kamisheni na shirika la ndege, na abiria hakuona gharama yoyote. Mwaka 1995 shirika la Delta la Marekani liliweka kikomo cha kamisheni hiyo, na kufikia mwaka 2002 mashirika makubwa ya huko yalikuwa yamefuta kamisheni ya msingi. Mkate ulipokatwa juu, wakala akahamia kwa mteja.

Lakini kamisheni haikufa, ilibadilisha mfuko tu. Booking.com ilianzishwa Uholanzi mwaka 1996 na Geert-Jan Bruinsma, na leo mwenye nyumba ya wageni anayeuza chumba kupitia kwake huikatia kampuni hiyo mara nyingi asilimia 15 au zaidi. Chukua chumba cha shilingi 60,000. Kwa asilimia 15, shilingi 9,000 zinakwenda Amsterdam kabla mpishi hajanunua mkaa. Anayesema kwamba amejipangia mwenyewe kwa sababu hakutumia wakala naye amemtumia wakala, tena mkubwa kuliko wote, ila hakumwona sura. Kwa hiyo ukishaipata nyumba ya wageni ya Lushoto mtandaoni, tafuta namba yao ya simu uwapigie. Uliza bei ya moja kwa moja. Wengi watakupunguzia, na hata wasipokupunguzia, zile 9,000 zitabaki mlimani.

Je, wajua kwamba mojawapo ya kampuni kongwe katika kazi hii ilianguka kwa siku moja? Thomas Cook alipanga safari yake ya kwanza ya treni tarehe 5 Julai 1841, kutoka Leicester hadi Loughborough huko Uingereza, kwa watu wapatao 500 waliokuwa wakipiga vita ulevi, kila mmoja kwa shilingi moja. Kampuni iliyobeba jina lake ilifilisika tarehe 23 Septemba 2019, na Waingereza wapatao 150,000 wakawa wamekwama nje ya nchi yao. Serikali yao iliwarudisha nyumbani, na Uingereza ina mfuko maalumu wa kuwalinda wanaonunua safari kwa wakala. Wenye hoteli hawakuwa na mfuko kama huo. Gambia, ambako ndege za kampuni hiyo zilileta sehemu kubwa ya watalii, ilitikisika. Kwetu nguvu yako ni risiti yenye jina la kampuni na malipo unayoyagawa: kitangulizi sasa, kilichobaki ukifika.

Je, wajua kwamba kumwondoa wakala ghafla kunaweza kuumiza kuliko kumweka? Mwaka 2022 Saudi Arabia iliwaambia Waislamu wa Ulaya, Marekani na Australia kwamba Hija ya mwaka ule haitapitia kwa mawakala tena. Kila mmoja aombe mwenyewe kwenye tovuti iliyoitwa Motawif. Zilikuwa zimebaki wiki chache tu. Amri hiyo iliwahusu pia jamaa zetu wanaoishi Uingereza, Uholanzi na Marekani. Wapo waliolipa wakakosa ndege, na wapo waliofika wakakuta vyumba havipo. Mwaka uliofuata mfumo mwingine, Nusuk, ukachukua nafasi yake. Mzee anayekwenda Makka mara moja tu maishani haachwi na nenosiri na kioo cha simu. Anahitaji mtu wa kumshika mkono, na kazi hiyo ina malipo yake halali.

Kama una ndugu au rafiki anayekuja kutoka nje, mwambie hili mapema: viza ya Tanzania inaombwa visa.immigration.go.tz, na ada ya kawaida ni dola 50, au 100 kwa raia wa Marekani. Zipo tovuti zinazofanana na ya Serikali zinazotoza zaidi kwa kujaza fomu ileile. Anayepitia Zanzibar alipie pia bima ya lazima ya dola 44, iliyoanza tarehe 1 Oktoba 2024.

Turudi mlimani, maana hapa ndipo penye mambo.

Mtandao unakufikisha Lushoto. Kutoka hapo unapanda gari la Magamba, unashika njia ya Malindi na Lukozi kuelekea Shume, na gari halina saa ya kuondoka. Linaondoka likijaa. Konda anapanga watu, matenga matupu yanafungwa juu, mama anapitisha mtoto dirishani, na anayekwenda Manolo anaambiwa asogee ili wa Mtae apate goti lake mahali. Kurudi ni vigumu zaidi kwa asiyejua. Jioni malori ya kabichi, karoti na viazi yanapakia, magunia yakiwa yamejazwa lumbesa, na magari ya abiria yanapungua. Hakuna programu ya simu itakayokuambia kwamba gari la mwisho limeshapita. Mwenye duka pale barabarani anajua.

Je, wajua kwamba Julai, mwezi ambao watu wengi wa nje huuona umeandikwa kwenye tovuti kuwa msimu mzuri wa Tanzania, Shume hukaa ndani ya ukungu na baridi ya kuvaa koti mchana? Eneo hili liko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Nao wanaokuja masika, Machi hadi Mei, hukuta udongo mwekundu umegeuka utelezi, na bodaboda wakikataa baadhi ya miteremko. Hayo yote mwenyeji atakuambia kwa simu ya dakika mbili, ukimuuliza.

Je, wajua kwamba utalii wa kulala vijijini na kutembea na mwenyeji ulianza Lushoto mapema kuliko sehemu nyingi za nchi? Katikati ya miaka ya 1990 shirika la SNV la Uholanzi na Bodi ya Utalii Tanzania walianzisha mpango wa utalii wa utamaduni, na Lushoto ikawa miongoni mwa maeneo ya mwanzo. Chama cha Friends of Usambara kilizaliwa katika mkondo huo. Njia inayopendwa ni ya siku kadhaa kwa miguu kutoka Lushoto hadi Mtae: msitu wa Magamba, mashamba ya mboga, kulala Lukozi, kisha Rangwi kwa masista, halafu ukingo wa mlima ambapo tambarare ya Mkomazi inafunguka chini yako. Njia hiyo haina vibao vya kutosha. Inapita katikati ya mashamba ya watu, nyuma ya majiko yao, kando ya makaburi yao. Mgeni mwenye ramani ya simu ataipita. Mgeni aliye na kijana wa Manolo atapita akisalimiwa, ataonjeshwa peasi kwa msimu wake, na atajua wapi asipige picha.

Je, wajua kwamba Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na kiingilio chake hulipwa kwa namba ya malipo ya Serikali (control number)? Mwongozaji akikuomba umpe kiingilio mkononi bila namba hiyo, mwombe mpite ofisini kwanza. Kampuni ya utalii iombe ikuonyeshe leseni yake ya biashara ya utalii, TALA. Iliyo halali haitakasirika. Fedha za kitangulizi zitume kwenye lipa namba yenye jina la biashara, usizitume kwa namba ya mtu binafsi uliyemwona kwenye picha nzuri. Na kwa wenzetu wageni: Julai 2025 Serikali iliorodhesha kuongoza watalii miongoni mwa kazi ambazo asiye raia haruhusiwi kuzifanya. Kazi hii ni ya vijana wetu kisheria, ila sheria haiwaletei mteja.

Mimi nina upande katika jambo hili na siufichi. Kampuni kubwa ya Arusha au Dar es Salaam inayokuuzia siku tatu za Usambara mara nyingi humpigia simu mwongozaji yuleyule wa Lushoto ambaye ungempigia wewe, kisha inabaki na sehemu nono ya fedha. Kama una wiki mbili, mbuga tatu, Zanzibar na wazee wawili wasiopanda ngazi, mchukue wakala mwenye leseni, mwachie gari, vyumba na vibali, na ulale usingizi. Kama unakuja Shume tu, kata basi mwenyewe, lala Lushoto usiku wa kwanza, na asubuhi nenda ofisi za waongozaji mjini ukaongee nao uso kwa uso. Kubalianeni bei mapema: ya siku, ya chakula, ya mahali pa kulala, na ya nauli ya kurudi. Mlipe mwongozaji bila kumbana kwa elfu mbili tatu, kwani hiyo ndiyo karo ya mtoto wake. Ukishatoka Mtae, umpe mwenzako namba ya mwongozaji wako.