UNACHOTUNDIKA NDICHO UNACHOUZA: Somo kutoka kwa wachuuzi wa boti wa Vietnam

Leo nawapeleka mbali kidogo, lakini vumilia, hii inakuhusu wewe unayeuza nguo, viatu, vyombo au mafuta kwa simu.

Vietnam sio nchi ngeni sana kwetu. Korosho nyingi za Mtwara na Lindi zinaenda kule zikiwa na maganda yake, zinabanguliwa huko. Mimi nilienda mwaka jana na mwenzangu, tulikuwa Ho Chi Minh City tunaangalia mabegi ya jumla. Tulipomaliza tukapanda basi kwenda kusini, masaa kama manne, mpaka mji unaitwa Cần Thơ.

Mji huo uko kwenye delta ya mto Mekong. Mto Hậu, ambao ni tawi mojawapo la Mekong, unapita pembeni yake, na ndani kumejaa mito midogo na mifereji. Kama kilomita 6 kutoka gati la katikati ya mji kuna soko la Cái Răng. Soko lenyewe liko juu ya maji. Muuzaji yuko kwenye boti, mnunuzi yuko kwenye boti, hata mama wa supu ya tambi anapika ndani ya boti na bakuli anakupa mkononi.

SOKO LINAVYOFANYA KAZI

Zamani barabara zilikuwa chache kule. Mkulima alitoa mzigo wake kwa mfereji unaopita karibu na shamba. Ndiyo maana masoko yalikaa pale mito inapokutana, na hili la Cái Răng lina zaidi ya miaka 100.

Boti kubwa zinakuja zimejaa, mara nyingi bidhaa moja tu. Hii mananasi, ile maboga, nyingine viazi vitamu, nyingine kabichi. Zinatia nanga na kukaa siku kadhaa mpaka mzigo uishe. Familia inalala humo humo, inapika humo humo, watoto wanacheza humo humo. Boti ndogo ndizo zinazokuja kununua kwa jumla, halafu zinaingia kwenye mifereji kwenda kuuza rejareja vijijini na kwenye masoko ya nchi kavu.

Kazi inaanza saa 10 au 11 alfajiri. Ukifika saa 3 asubuhi umekuta watu wanafagia. Boti zinafungwa ubavu kwa ubavu, mnunuzi anaonja kipande, wanapatana bei, kisha mzigo unarushwa kwa mkono, mmoja anarusha na mwingine anadaka, huku wanahesabu kwa sauti.

MWANZI MBELE YA BOTI

Sasa fikiria shida yao. Mto ni mpana, mashine zinanguruma, mnunuzi yuko mbali na ana haraka kabla jua halijapanda. Ukimwita hakusikii. Ukiandika kibao hakisomi.

Wanachofanya ni kusimamisha mwanzi mrefu mbele ya boti na kutundika bidhaa yenyewe juu. Anauza nanasi, ananing'iniza nanasi. Anauza boga, ananing'iniza boga. Akiwa na vitu vitatu, utaviona vitatu vimepangana kwenye mwanzi mmoja. Wenyewe mwanzi huo wanauita cây bẹo. Ukiwa mbali unaangalia juu tu, unajua uelekeze boti yako wapi.

Tulisogea kwenye boti ya mama mmoja wa mananasi. Alituchekea hata kabla hatujafunga kamba. Akamenya nanasi kwa kisu kirefu, akatoa yale macho kwa kuzungusha, akaacha kikonyo ili tushikie, tukala kama mahindi ya kuchoma. Kupitia mwendesha boti wetu nikamuuliza: mbona pale juu hukutundika nanasi kubwa kuliko yote, si lingevuta watu zaidi?

Alicheka sana. Akasema atakayevutwa na lile la juu atataka yote ya chini yawe kama lile. Akikuta sivyo, ataondoka, na asubuhi imeisha.

Hapo ndipo nilipoona ulipo ugonjwa wetu mtandaoni. Sisi tunatundika nanasi la watu wengine. Picha tumechukua kwenye ukurasa wa kiwanda, gauni limevaliwa na mwanamitindo, mwanga wa studio, mzigo halisi uko kwenye mfuko wa nailoni na haufanani. Mama wa Cái Răng akidanganya, mnunuzi anagundua ndani ya dakika mbili kwa sababu mzigo uko miguuni pake. Mteja wako yeye anagundua akishalipa na bodaboda imeshaondoka. Hasara yake ni kubwa zaidi, kwa hiyo hasira yake nayo ni kubwa zaidi. Na hasira hiyo haimuishii mwenye kosa peke yake. Kesho akiingia kwa muuzaji mwingine mwaminifu anaanza na "lete kwanza nione ndiyo nilipe". Nauli ya kwenda na kurudi inakufa mikononi mwa mtu ambaye hakumdanganya yeyote.

SHERIA NNE ZA MWANZI

Watu wa kule wana kama sheria nne za kusoma kinachoning'inia. Nimezipenda kwa sababu kila moja inatugusa.

1. Kinachotundikwa kinauzwa. Hii ndiyo ya msingi, tumeshaiona. Na ina upande wa pili: kisichokuwepo kinashushwa. Wewe una posti ya Januari ya viatu vilivyoisha Februari, na mpaka leo watu wanauliza "vipo?" Kila unayemjibu "vimeisha dada" umempotezea muda, na amejifunza kwamba kuuliza kwako ni bahati nasibu.

2. Vingine vinauzwa bila kutundikwa. Kahawa, supu, vinywaji. Utatundikaje supu? Hawa wana boti ndogo, wanazunguka wenyewe na kuita watu. Mama wa kahawa alikuja mpaka ubavuni mwetu, akashika boti yetu, akauliza kwa ishara kama tunataka na maziwa. Kwa hiyo kama unauza huduma, kusuka, kushona, keki za oda, usisubiri picha ifanye kazi yote. Zunguka. Nenda kwenye magrupu ya mtaa, watumie ujumbe wateja wa zamani, jitokeze.

3. Vingine vinatundikwa lakini haviuzwi. Hizi ni nguo za familia. Si nimesema wanaishi humo? Wamefua, wameanika. Hakuna anayekuja kuuliza bei ya shati la baba mwenye boti, maana nguo ziko kwenye kamba zake na bidhaa iko kwenye mwanzi wake. Wewe kwenye stetasi umeweka kitenge cha kuuza, halafu picha ya harusi ya binamu, halafu kitenge, halafu mzaha, halafu msiba. Mteja hajui kipi ni kamba na kipi ni mwanzi. Maisha yako weka, watu wanapenda kumjua muuzaji. Ila tenganisha. Namba ya biashara iwe ya biashara.

4. Anatundika hiki, anauza kile. Hii ipo moja tu. Ukiona mwanzi una jani la mnazi, pale hakuna anayeuza majani. Kinachouzwa ni boti yenyewe. Majani ndiyo yanayoezekea nyumba, na boti ni nyumba yao, ndiyo maana. Angalia vizuri: hata pale ambapo kinachoonekana sio kinachouzwa, soko zima linaijua alama hiyo na hakuna anayeshangaa. Kwetu "bei njoo inboksi" imegeuka alama pia, na mteja ameshaitafsiri: bei itategemea nimeonekanaje. Kama hukukusudia aisome hivyo, andika bei.

KUMI YA KULE SIO KUMI

Vietnam kumi inaitwa chục. Lakini kwenye delta ya Mekong ukinunua matunda kwa chục, mara nyingi unahesabiwa 12, na kuna sehemu ni 14. Sio zawadi ya kuombwa wala kupigiwa magoti. Ndiyo hesabu ya pale, inajulikana kabla, na bei imeshaizingatia. Mnunuzi wa jumla anajua ndani ya mzigo kuna yatakayopondeka njiani, kwa hiyo zile za juu zinamkinga.

Sisi nyongeza tunaitoa kwa kubembelezwa. Anayejua kulia anapata, mpole hapati, na siku wakikutana wakalinganisha umempoteza yule mpole. Panga nyongeza yako mapema, iwe ya kila mtu na iwe ndani ya hesabu. Ukinunua 5 ya sita ni nusu bei, basi iwe hivyo kwa wote. Usipoweza, usiahidi.

RAFIKI WA BIDHAA

Wafanyabiashara wanaouziana mara kwa mara wanaitana bạn hàng. Bạn ni rafiki, hàng ni bidhaa. Na kuongea kwao mnafanana nao kabisa: mteja anaitwa shangazi, mjomba, kaka mkubwa, dada, kulingana na umri, kama sisi tunavyosema mama, anko, dada'angu.

Pia mteja wa kwanza wa siku ana uzito wake. Wengi wanaamini akinunua vizuri siku itakwenda vizuri. Ni ile ile ya kwetu ya "nifungulie biashara". Wewe uamini usiamini, lakini fikiria mteja wako wa kwanza asubuhi unamjibu saa ngapi na kwa sauti gani.

Ukarimu wao niliuona hivi: tulinunua nanasi mawili tu, watu wa kupita, hatutarudi. Bado mama alituonyesha boti gani ina matikiti matamu, wakati yeye hauzi matikiti. Kesho wa matikiti atamwelekezea mtu wa mananasi. Wewe mteja akikuulizia kitu usichokuwa nacho, unamwambia "sina" au unampa namba ya mwenzako?

LAKINI SOKO LINAPUNGUA

Hapa naomba usikilize vizuri. Mwaka 2016 serikali ya Vietnam ililitambua soko la Cái Răng kuwa urithi wa utamaduni wa taifa. Heshima kubwa. Lakini boti zinazidi kupungua mwaka hadi mwaka.

Wachuuzi hawajafanya kosa. Kilichohama ni njia. Barabara zimejengwa, madaraja yamejengwa, daraja kubwa la Cần Thơ juu ya mto Hậu lilifunguliwa 2010. Lori sasa linafika mpaka shambani. Kingo za mto zimejengewa kuta, kupandisha mzigo imekuwa kazi. Watoto wa boti wanakwenda viwandani. Watalii wanaokuja kupiga picha ni wengi, ila mtalii hanunui tani ya viazi.

Na sisi je? Mto wetu ni Instagram, ni Facebook, ni WhatsApp. Hatukuuchimba na hatuumiliki. Siku akaunti ikifungwa au posti zikiacha kuonekana, mwanzi wako utakuwa umesimama mahali pasipopita mtu. Mchuuzi anayebaki salama ni yule mwenye bạn hàng wake, watu wanaojua namba yake na watakaomtafuta hata akihamia nchi kavu.

FANYA HAYA WIKI HII

- Piga picha bidhaa zako mwenyewe, mchana, karibu na dirisha au mlango. Kama ya kiwanda ni lazima, weka na ya kwako pembeni.
- Onyesha kasoro. Zipu ngumu, rangi imepauka kidogo, sema. Atakayenunua hatarudisha.
- Shusha kila kilichoisha. Leo, sio mwisho wa mwezi.
- Andika bei, saizi zilizobaki na nauli ya kufikisha kwenye posti yenyewe.
- Tafuta wauzaji watatu wa bidhaa tofauti na yako, mkubaliane kuelekezana wateja.
- Chukua daftari la kawaida, andika jina na namba ya kila aliyenunua miezi 3 iliyopita, na alinunua nini. Daftari hilo hakuna wa kukufungia.

Ukianza na moja tu, anza na hilo daftari.

Haya, niambie kwenye komenti: kwenye ukurasa wako sasa hivi, ni bidhaa ngapi zimetundikwa na hazipo? Hesabu kwa ukweli. Na mtumie posti hii mwenzako anayeandika "bei inboksi".