Tumbo Lililopona na Miguu Inayolegea

Ndugu wakulima wa Rapsu, Malka Daka, Kinna na Burat, mwezi huu tuzungumze juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu hamjalisikia. Mtu aweza kuharisha, akapona, akarudi shambani kufungulia maji, kisha baada ya juma moja au majuma matatu miguu yake ikaanza kulegea. Mara nyingi hakuna anayekumbuka lile tumbo. Watu husema amerogwa, au amekanyaga kitu kibaya njiani, na siku zinapita akiwa amelala nyumbani.

Ugonjwa huu waitwa Guillain-Barré, kwa majina ya madaktari wawili wa jeshi la Ufaransa walioueleza mwaka 1916 pamoja na mwenzao Strohl. Huanza kwa ganzi au mchomo nyayoni. Kisha magoti hukataa, na mtu hawezi kuinuka kigodani. Udhaifu hupanda, mguu wa kulia sawa na wa kushoto, mpaka mikononi na hata usoni. Ukifika kwenye misuli ya kifua, mgonjwa hushindwa kuvuta pumzi, na hapo ndipo watu hufa.

Tumbo lahusikaje? Yuko mdudu mdogo asiyeonekana kwa macho, bakteria aitwaye kampilobakta. Hukaa matumboni mwa kuku bila kumdhuru. Kuku wako aweza kuwa mnene, anataga vizuri, na bado anaye. Hupatikana pia kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo, katika maziwa mabichi na maji machafu. Akiingia kwa mtu huleta homa, msokoto wa tumbo na kuharisha, pengine na damu. Wengi hupona kwa juma moja.

Ngozi ya mdudu huyu ina sukari inayofanana sana na ile iliyo juu ya mishipa yetu ya fahamu. Ninyi mnaojua alama za mifugo mtaelewa upesi. Askari wametumwa kukamata ng'ombe wa wizi wenye alama fulani, nawe ng'ombe wako wana alama iliyo karibu sawa. Wataswagwa pamoja na wale wa wizi. Ndivyo kinga ya mwili, ikimfukuza kampilobakta, inavyoweza kuishambulia mishipa ya mwenyewe. Wataalamu wa Japan waliwadunga sungura mafuta yenye sukari hizo, na sungura wakalegea miguu.

Msiogope kila mharo. Kati ya watu 1,000 wanaougua kampilobakta, kama mmoja tu ndiye hupatwa na Guillain-Barré. Tena ugonjwa huu waweza kufuata mafua na maradhi mengine. Lakini New Zealand, walipokaza usafi wa nyama ya kuku kuanzia mwaka 2006, wagonjwa wa kampilobakta walipungua kwa nusu, na waliolazwa kwa Guillain-Barré wakapungua kama 13 kwa 100.

Wazee waliohama na ngamia hawakuwa na kuku wengi. Sisi tuliokaa mahali pamoja tunao, na katika nyumba nyingi hulala jikoni, jambo ambalo mimi silipendi hata kidogo. Wajengeeni banda lao. Kisu na ubao wa kukatia kuku mbichi visiguse kachumbari kabla ya kuoshwa kwa sabuni. Kuku aive mpaka pasiwe na wekundu karibu na mfupa. Maziwa yachemshwe. Najua akina mama watasema kibuyu kimefukizwa moshi vizuri. Moshi wasaidia na ladha yake ni tamu, lakini haufanyi kazi ya moto.

Mtu akilegea miguu, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, na mwelezeni daktari kama aliharisha karibuni. Dawa zake ni ghali na hazipo kila mahali, lakini kuangaliwa pumzi, na kusaidiwa kwa mashine ikibidi, huokoa maisha. Wengi hutembea tena, ingawa huchukua miezi.

Akiwa ni mtoto wa chini ya miaka 15, muuguzi ataomba choo chake mara mbili, kwa siku mbalimbali, kipelekwe maabara ya KEMRI, Nairobi. Msikatae. Polio nayo hulegeza viungo, na mwaka 2013 ilizuka Dadaab, si mbali nasi. Kwa macho tu haiwezekani kuamua ni ugonjwa gani.

Njiani msimkandamize mgonjwa kifua katika gari lililojaa. Na akipaliwa anapokunywa, msimpe maziwa wala uji kwa kumwonea huruma, kwa kuwa misuli ya koo nayo huenda imelegea. Ngojeni mpaka muuguzi amtazame.