Betri ya Motokaa na Dalili za Kuchoka Kwake

Mara nyingi twasikia mwenye motokaa akilalamika kwamba betri yake imekufa ghafula. Lakini ni nadra betri kufa bila kutoa habari kwanza, na habari hizo hata asiye fundi aweza kuzitambua.

Hapa Miembeni, tukimwona dereva atafutaye mteremko kila jioni ili aegeshe gari lake, twajua ya kuwa habari imemfikia, naye ameipokea kwa njia isiyofaa. Hila ya kuteleza yafaa gari lenye klachi tu. Magari mengi yaletwayo siku hizi kutoka Japani hujibadili gia yenyewe, wala hayawaki kwa kusukumwa, hata wakikusanyika vijana kumi. Na ikiwa gari hilo ndilo la kumpeleka mama mwenye uchungu hospitali usiku, kutoka vijiji vya Muleba, mteremko utamfaa nini?

Betri ya kawaida ina vyumba sita. Katika kila chumba mna sahani za risasi zilizozama katika maji yenye asidi, kama alivyovumbua Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Kila chumba hutoa volti 2 na kidogo. Kwa hiyo betri iliyojaa, gari likiwa limepumzika saa kadhaa, huonyesha volti 12.6 hivi. Ikionyesha 12.0, umeme uliobaki ni kama robo tu. Ikiachwa hivyo kwa majuma, sahani hufunikwa na chembe ngumu, nazo hazipokei umeme tena kama zamani.

Dalili ya kwanza huja kwa sikio. Asubuhi stata huzunguka kwa uzito, kama mtu apandaye kilima na mkungu wa ndizi kichwani. Baadaye haizunguki kabisa. Husikika ta-ta-ta tu. Dalili ya pili ni taa za mbele kufifia gari lisimamapo, na kung'aa dereva akanyagapo mafuta.

Hapa yafaa tahadhari, maana wengi hupoteza fedha. Huenda kosa si la betri, bali la alteneta iijazayo, au mkanda wake umelegea. Fundi na apime injini ikiwa yawaka: volti zikiwa 13.8 hadi 14.4, alteneta yafanya kazi. Zikibaki chini ya 13, betri mpya nayo itakwisha vivyo hivyo. Hata safari fupi za kwenda sokoni na kurudi hudhoofisha betri, kwa kuwa stata hula umeme mwingi, na mwendo mfupi haurudishi ulioliwa.

Betri iliyofura ubavuni, au inukayo kama mayai viza, isitumiwe tena. Betri hutoa hewa iwakayo upesi; kwa hiyo sigara na kibatari vikae mbali. Zile zenye vifuniko huongezwa maji yaliyotoneshwa tu, si ya ziwani wala ya bomba, kwa kuwa chumvi zake huharibu sahani.

Betri ikiisha kabisa, apewe mnunuzi wa betri kuukuu mwenye kibali. Isipasuliwe uani ili kupata risasi, wala asidi yake isimwagwe karibu na mto Kanoni. Risasi ni sumu, na watoto ndio idhuruo zaidi.