Zabibu Iliyoiva Haingoji

Ukisafiri kwa barabara kutoka Singida kwenda Dodoma, utapita Issuna, katika Wilaya ya Ikungi. Ni nchi ya alizeti, mtama na uwele. Mvua yake ni ya msimu mmoja, kisha huja kiangazi kirefu, na abiria mgeni huweza kudhani kwamba jua hilo halina faida. Lakini ukifika Dodoma, huko Hombolo na Makutupora, chini ya jua la namna hiyo hiyo, utakuta mashamba ya mizabibu, na humo ndimo utokamo mvinyo mwekundu mkavu wa nchi yetu.

Neno “mkavu” huwapotosha wengi. Wapo wadhanio kuwa ni mvinyo mkali kupita mwingine. Maana yake ni kwamba chachu imeachwa ile karibu sukari yote ya zabibu na kuigeuza kileo, hivyo ulimi haukuti utamu. Wekundu nao hautoki katika maji ya tunda, ambayo kwa zabibu nyingi hayana rangi, bali katika maganda yaliyolowekwa humo wakati wa kuchachuka. Maganda hayo ndiyo yaletayo pia ule ukakasi.

Wafaransa wa kusini, kando ya Bahari ya Mediterania, mara nyingi hawategemei zabibu ya aina moja. Grenache huleta kileo na ulaini. Syrah huleta rangi nzito na harufu ya pilipili manga. Carignan huongeza uchachu. Ni kazi ya mpishi wa pilau, ambaye huangalia kiungo kimoja kisimeze vingine. Dodoma nako Syrah imo mashambani, pamoja na Aglianico ya kusini mwa Italia na ile iitwayo Makutupora. Kwa maoni yangu, mvinyo wa kuchanganya zabibu hizo unafaa zaidi kando ya nyama ya mbuzi kuliko zile chupa tamu tuzinunuazo wakati wa sikukuu.

Huko Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi, ukavunwa mara moja kwa mwaka. Dodoma haina baridi ya kuulaza. Mkulima hupogolea matawi, nao huchipua upya, na hivyo huweza kuvuna mara mbili.

Neema hiyo ina taabu yake. Alizeti ya Issuna yaweza kukaa ghalani ikingoja bei. Zabibu iliyoiva haingoji, na wako wakulima wa Dodoma walioona mavuno yao yakioza kwa kukosa mnunuzi. Ndiyo sababu wengine huzikamua na kuhifadhi “mchuzi wa zabibu” katika matangi, wauze viwandani baadaye. Tangi, hata hivyo, si chombo cha kila kaya. Kijana wa Issuna atakayerudi nyumbani na vipando vya mizabibu atahitaji maji ya kumwagilia wakati wa kiangazi. Na kabla ya kuchimba shimo la kwanza, itampasa kujua tangi lililo karibu ni la nani, na mwenyewe hununua kwa bei gani.