Kwa Nini VVU Havibaki na Sura Moja

Tunapowatembelea wagonjwa majumbani, swali hili hatulikosi: mtu ametumia dawa za kufubaza Virusi vya UKIMWI miaka mitano, afya yake ni njema, kuna ubaya gani akipumzika kidogo? Wengine huziacha wakiisha kuombewa. Jibu limo katika namna kirusi kinavyojinakili.

Kirusi peke yake hakizaani. Ni lazima kiingie ndani ya chembe hai na kutumia vyombo vya mwenye nyumba. VVU hulenga zaidi chembe nyeupe za damu ziitwazo CD4, zile zile zinazoongoza ulinzi wa mwili. Humo maelekezo yake, yaliyoandikwa kwa RNA, hunakiliwa kuwa DNA, na nakala hiyo hupachikwa katika vinasaba vya chembe. Tangu hapo chembe huweza kutengeneza virusi vipya kana kwamba ndiyo kazi yake.

Shida iko kwa mwandishi. Kimeng'enya kinachonakili RNA kuwa DNA hakirudii kusoma kilichoandika, tofauti na vile vinavyonakili DNA yetu, ambavyo husahihisha makosa mengi. Maelekezo ya VVU yana herufi karibu 10,000, na kosa moja hutokea kwa wastani katika kila herufi makumi elfu kadhaa. Ni kidogo, tungesema. Lakini ndani ya mtu asiyetumia dawa huzaliwa virusi takriban bilioni 10 kwa siku! Makosa mengi hukidhuru kirusi chenyewe au hayabadilishi kitu. Machache hukifaa: badiliko la herufi moja tu latosha kukifanya kiwe sugu kwa lamivudine.

Husemwa kwamba kirusi "kimeizoea" dawa. Usemi huo unapotosha, kwa maana kirusi hakina akili. Makosa hutokea ovyo. Dawa huwaondoa wanaodhurika nayo, na wachache wenye kosa la bahati hubaki na uwanja mzima.

Ndivyo ilivyokuwa kwa AZT, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987 na kutolewa peke yake: usugu ulijitokeza. Kuanzia mwaka 1996 matibabu ya dawa tatu pamoja yalienea, kwa kuwa ni vigumu mno kirusi kimoja kupata makosa yote yanayohitajika kwa mara moja, hasa wakati kunakili kwenyewe kumezuiwa.

Turudi kwa anayetaka kupumzika. Baadhi ya chembe zake za CD4 zimehifadhi DNA ya kirusi iliyolala, ambayo dawa haziifikii. Akiacha, virusi huamka, mara nyingi ndani ya wiki chache. Anayemeza leo na kuruka kesho ana hatari nyingine: dawa hazitoki mwilini kwa kasi moja, hivyo kuna siku kirusi hunakiliwa mbele ya dawa moja tu, kama mwaka 1987. Virusi sugu vikizaliwa, navyo huingia katika chembe zinazolala, na vinaweza kumwambukiza mwenzi wake.

Aliyekwisha kuruka dozi aeleze kliniki bila kuficha. Huko watapima kiwango cha virusi katika damu na kuamua kama dawa zilezile bado zinamfaa.