Homa ya Uti wa Mgongo: Hesabu ya Saa kwa Mgonjwa wa Ilongero

Mwaka 2019, kwa makadirio, watu milioni 2.5 duniani waliugua homa ya uti wa mgongo na 236,000 walifariki. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa ikisababishwa na bakteria, huua mgonjwa 1 kati ya 6, na mwingine 1 kati ya 5 hubaki na madhara makubwa kama uziwi, kifafa au kupooza. Bakteria aitwaye meningokoki, asipotibiwa, huua hadi nusu ya wagonjwa, mara nyingi ndani ya saa 24 hadi 48 tangu dalili zianze.

Kwa mzazi wa Ilongero, kaskazini mwa mji wa Singida, saa hizo ndizo gharama ya kwanza. Hutumika zahanati, hutumika barabarani, na nyingi hupotea kwa kuamini kuwa kila homa ni malaria.

Si kila degedege ni malaria

Uchunguzi uliofanyika katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania na kuchapishwa 2004 uliwahusu wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa malaria kali. Waliokutwa na vimelea ni asilimia 46 tu. Huko Moshi, uchunguzi uliochapishwa 2013 wa wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa ulionyesha kuwa 528 waliandikiwa malaria, lakini waliokuwa nayo kweli ni 14.

Singida ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo, kwa hiyo onyo hilo linaihusu moja kwa moja. Malaria inayopanda kichwani huleta degedege na kupoteza fahamu, na homa ya uti wa mgongo hufanya hivyo hivyo. Dalili nyingine ni kichwa kuuma vikali, shingo kukakamaa, kutapika, kuchukia mwanga na kuchanganyikiwa. Kichanga huenda asikakamae shingo kabisa: hukataa kunyonya, hulegea, hulia bila kunyamazika, na utosi huvimba.

Kipimo kinachotoa jibu

Wanaosababisha ugonjwa huu ni bakteria, wakiwemo wa kifua kikuu, virusi na fangasi, na kila mmoja ana tiba yake. Virusi vingi huleta ugonjwa mwepesi zaidi, ila vile vya malengelenge vinaweza kuushambulia ubongo wenyewe. Ili kuwatofautisha, daktari huchukua maji kidogo ya uti wa mgongo. Kwa mtu mzima mwenye afya, maji hayo huwa na chembe nyeupe zisizozidi 5 katika kila maikrolita. Bakteria wakiingia, mara nyingi chembe hizo hupita 1,000, sukari hushuka na protini hupanda.

Familia nyingi hukataa kipimo hiki zikihofia mgonjwa atapooza. Sindano huchomwa kiunoni, chini ya mahali neva kuu ya mgongo inapoishia, na kabla ya hapo daktari huangalia kama kuna dalili za ubongo kuvimba. Kipimo kikichelewa, dawa isisubiri.

Gharama ya kutibu, gharama ya kuchelewa

Chukua mtoto wa kilo 12. Antibiotiki ya seftriaksoni hutolewa miligramu 100 kwa kila kilo kwa siku, yaani miligramu 1,200. Kwa siku 10 ni gramu 12, sawa na vichupa 12 vya gramu 1. Sera ya taifa inasema mtoto wa chini ya miaka 5 atibiwe bure, lakini sera hiyo ina maana pale tu vichupa hivyo vipo kwenye kabati la dawa. Mtoto huyo akipoteza usikivu kwa kuchelewa, atahitaji msaada shuleni na maishani kwa miaka mingi baada ya dozi kuisha.

Kinga ni nafuu zaidi. Dhidi ya bakteria wengine wawili wa ugonjwa huu, chanjo ya Hib hutolewa nchini tangu 2009 na ya pneumokoki tangu 2013, bila malipo, mtoto akifikisha wiki 6, 10 na 14.

Kwa wanaoishi na VVU, hatari kubwa ni fangasi wa kriptokokasi, aliyekadiriwa kuua watu 112,000 duniani mwaka 2020. Utafiti wa Dar es Salaam na Lusaka, uliochapishwa 2015 na kuhusisha wagonjwa 1,999 wenye kinga iliyoshuka sana, ulionyesha kuwa kupima damu kutafuta fangasi huyo mapema, pamoja na kuwatembelea wagonjwa nyumbani wiki za mwanzo, kulipunguza vifo kwa asilimia 28. Kliniki zinazohudumia wagonjwa wa aina hiyo zinastahili kuwa na kipimo hicho siku zote.

Mganga wa zahanati, kipimo cha malaria kikionyesha hakuna vimelea na mgonjwa ana degedege au shingo ngumu, mwanzishie dawa na umpe rufaa saa hiyo hiyo. Hata vimelea vikionekana, shingo ngumu bado inahitaji jibu. Nawe mzazi, usikubali kurudi nyumbani na panadoli pekee: uliza mtoto atapimwa wapi maji ya mgongo, na umfikishe huko kabla siku haijaisha.