Muuguzi Akihama na Watoto: Hesabu ya Lumakanda

Uhamaji wa wauguzi wa Kenya kwenda kufanya kazi ng'ambo huhesabiwa serikalini kama biashara yenye faida, na kipimo kinachotumika ni kile kile kila mwaka, yaani fedha zinazotumwa nyumbani na Wakenya wa kila kazi walio nje, ambazo Benki Kuu ya Kenya ilizihesabu kuwa karibu dola bilioni 4.95 katika mwaka 2024, nusu yake hivi zikitoka Marekani. Kipimo hicho kina kasoro isiyotajwa sana: hakimtofautishi muuguzi aliyewaacha mume na watoto nyumbani na yule aliyehama pamoja nao, ilhali kwa mji kama Lumakanda tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama duka la vifaa vya ujenzi litauza mabati au litakaa na mabati yake.

Lumakanda ni makao makuu ya Lugari, kaunti ndogo iliyo kaskazini mwa Kaunti ya Kakamega, si mbali na barabara kuu ya kutoka Webuye kwenda Eldoret. Ni nchi ya mahindi. Mashamba yake mengi yalikuwa ya walowezi wa Kizungu, na baada ya uhuru yakagawanywa katika skimu za makazi, ambazo zilikuwa mipango ya serikali ya kununua ardhi ya walowezi na kuwakatia wakulima Waafrika vipande. Wajukuu wa waliopewa vipande hivyo sasa wanagawana ekari chache zilizobaki, ndiyo maana cheti cha uuguzi kimeshika nafasi iliyokuwa ya hati ya shamba, kikawa mali ambayo ukoo mzima huichangia na kuitarajia mavuno.

Gharama ya kukipata cheti hicho ilikadiriwa na Kirigia na wenzake katika utafiti wa mwaka 2006, ambao ulijumlisha masomo ya tangu shule ya msingi hadi chuo cha uuguzi ukapata dola 43,180 kwa kila muuguzi, na ulipokadiria mapato ambayo nchi huyapoteza muuguzi huyo akihama, ukafika dola 338,868. Takwimu ya pili imejengwa juu ya makisio ya riba na miaka ya kazi, kwa hiyo yafaa isomwe kwa tahadhari. Ile ya kwanza mkulima wa Lugari anaielewa bila kufafanuliwa, maana sehemu yake imo katika magunia ya kilo 90 aliyoyauza kila Januari ili kulipa karo, nyingine imo katika mkopo wa HELB, yaani Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, na iliyobaki imetoka kwa mlipa kodi kupitia KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya utabibu kilichoanza mwaka 1927 na chenye matawi hata Kakamega na Webuye.

Njia rasmi ya kwenda Uingereza ilifunguliwa Julai 2021, Rais Uhuru Kenyatta alipokuwa London, kwa mkataba uliokusudiwa kuwapa kazi wauguzi ambao Kenya ilikuwa imewasomesha lakini haikuwaajiri. Miezi michache baadaye Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza ni 10 tu waliofaulu, habari iliyochekwa sana mitaani, ingawa kicheko hicho hakikuwa cha haki. Mtihani huo, unaoitwa IELTS, haupimi Kiingereza cha wodini. Hudai alama 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika, na insha yake ya dakika 40 inaweza kuhusu jambo lolote chini ya jua, hivi kwamba muuguzi anayefanya kazi na daktari kwa Kiingereza tangu asubuhi huangushwa na mada ya utalii au ya makumbusho. Wengine huchagua OET, mtihani wa watu wa afya ambamo mtahiniwa huandika barua ya kumhamishia mgonjwa kwa mtaalamu mwingine. Baada ya hapo hufuata mtihani wa uuguzi unaofanywa kwa kompyuta, na mwisho ule wa vitendo, OSCE, unaofanyiwa Uingereza kwenyewe katika vituo 10, ambako mtu aliyezalisha akina mama kwa miaka hunawa mikono mbele ya msimamizi na kuonyesha kwa mwanasesere jinsi ya kuchoma sindano.

Ni viza, hata hivyo, inayoamua sura ya biashara yenyewe. Viza ya wahudumu wa afya, iliyoanzishwa na Uingereza Agosti 2020, humruhusu muuguzi kumchukua mwenzi wake na watoto, na mwenzi huyo huruhusiwa kufanya kazi. Msaidizi wa wazee, ambaye zamani alitumia viza hiyo hiyo, alinyimwa haki ya kuandamana na familia kuanzia tarehe 11 Machi 2024, na Julai 2025 mlango wa kuwaajiri wasaidizi wapya kutoka nje ukafungwa kabisa. Kwa hiyo mabinti wawili wa kijiji kimoja, mmoja mwenye diploma ya uuguzi na mwingine mwenye cheti cha miezi michache, wametenganishwa na kanuni hizo za viza: wa kwanza anaweza kuwa mhamiaji wa kudumu, na wa pili, kama aliwahi kuingia, ni mtumaji wa fedha.

Muuguzi anayeanza katika hospitali za umma za Uingereza huwekwa daraja la 5, ambalo mshahara wake wa chini, kufikia Aprili 2025, ulikuwa pauni 31,049 kwa mwaka kabla ya kodi. Kwa bei za Lumakanda hizo ni fedha nyingi, lakini familia ikishawasili, mshahara huo ndio unaolipa kodi ya nyumba, malezi ya mtoto mchanga na nauli ya watu wanne badala ya mmoja, na wakati mwingine hukatwa fidia kama mkataba una kifungu cha kumrudishia mwajiri gharama iwapo muuguzi ataondoka mapema. Kinyume chake, muuguzi wa Saudi Arabia hakatwi kodi ya mapato, mara nyingi hupewa malazi na mwajiri, na kwa kuwa mkataba wake haumwahidi uraia wala makazi ya kudumu, fikira zake hubaki nyumbani. Aliye Riyadh anajenga Lugari, aliye Leeds anatafuta nyumba Leeds. Wakala anayewaambia wazazi kwamba safari zote mbili ni uwekezaji wa aina moja anawapotosha, hata kama hasemi uongo.

Wahindi wa jimbo la Kerala waliijua tofauti hii mapema. Kwa miongo mingi wauguzi wao wamelitumia eneo la Ghuba kama ngazi ya kukusanya akiba na uzoefu, kisha wakaelekea Ireland, Uingereza au Australia, mume akifuata kwa viza ya mke, jambo ambalo limebadili hata heshima ndani ya nyumba. Serikali ya jimbo ina shirika lake, NORKA Roots, linaloshughulikia wahamaji na kuwapeleka wauguzi kwa waajiri wa nje. Upande mmoja Mkenya ana nafuu: sheria ya Marekani hairuhusu nchi moja kuchukua zaidi ya asilimia 7 ya viza za makazi za kazi kwa mwaka, na kwa sababu hiyo muuguzi wa Kihindi hukaa kwenye foleni zaidi ya miaka kumi, ilhali foleni ya Mkenya ni fupi zaidi, na akiipata huondoka na mwenzi wake na watoto wasiofikisha miaka 21 ambao hawajaoa wala kuolewa.

Shirika la namna ya NORKA halipo Kakamega, na pengo hilo limejazwa na mawakala, wengine wenye leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira na wengine wenye simu tu. Katika Uasin Gishu iliyo jirani, hata serikali ya kaunti yenyewe ilijiingiza, kwa mpango wa kuwapeleka vijana vyuoni Finland na Canada, ambao uliishia mwaka 2023 kwa maandamano ya wazazi Eldoret wakidai fedha zao, na kwa kesi ya jinai.

Hospitali ya Lumakanda ni ya ngazi ya 4, yaani hospitali ya kaunti ndogo inayolaza wagonjwa na kuzalisha, na tangu ugatuzi wa mwaka 2013 hospitali kama hiyo huajiriwa wauguzi na kaunti. Mkataba wa 2021 uliwalenga wasio na kazi, lakini waajiri wa nje hupendelea mwenye uzoefu, kwa hiyo anayeondoka mara nyingi si aliyefuzu jana bali ni yule anayeweza kukaa peke yake zamu ya usiku na wajawazito watatu na kujua, kwa kuitazama chati ya uchungu, ni yupi wa kukimbizwa Kakamega au Eldoret. Utafiti wa takwimu za 1999 hadi 2007 ulionyesha kuwa kwa kila wauguzi 4.5 walioongezwa na vyuo vya Kenya, mmoja aliomba kuhama. Kaunti ikitaka kumrudisha mtu wa aina hiyo, hutangaza nafasi, husubiri bajeti, kisha hupata mwanagenzi wa kufundishwa upya na wale wale waliobaki.

Kwa ukoo uliochangia, mabadiliko huonekana polepole. Miaka ya mwanzo karo za wadogo hulipwa kwa M-Pesa na nyumba ya mawe huanza kupanda kando ya ile ya zamani. Watoto wakishaanza shule huko, fundi huambiwa asubiri kwenye lenta, na shamba hukodishwa kwa msimu kwa jirani mwenye trekta. Wahamaji wengine wakihitaji malipo ya kwanza ya nyumba ya ugenini huuliza ekari moja ya Lugari inauzwa pesa ngapi siku hizi, na wakati huo fedha huwa zinasafiri kuelekea upande wa pili, safari ambayo Benki Kuu haiiweki katika jumla yake ya kila mwaka.